Simba wa Barafu: Timu Iliyokua Bila Mpinzani

Mwaka 2018 kikosi kidogo cha Wakenya kiliingia kwenye uwanja wa barafu nchini Kanada kucheza mechi yake ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Vijana hao walikuwa wamecheza hoki ya barafuni kwa miaka. Walikuwa na jina, Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Walikuwa na nahodha, Benard Azegere, na kocha Mkanada, Tim Colby. Kitu kimoja hawakuwahi kuwa nacho: mpinzani. Kwao Kenya hapakuwa na timu ya pili ya kucheza nayo.

Habari zao zimeandikwa mara nyingi kama ajabu la Ikweta: Waafrika weusi juu ya barafu, wakitabasamu kwenye picha. Nadhani wanastahili zaidi ya hapo. Wanastahili kuchambuliwa kama timu: walijifunzaje, nini kilishika, nini kilibaki pengo, na pengo hilo lilitoka wapi.

Nina sababu ya kuliona pengo hilo haraka. Nimesoma shule ya msingi Mugoma, wilayani Ngara, na timu yetu ya wavu ilikuwa ikicheza kwenye kiwanja kilichokaa mteremkoni. Muhula mzima tulicheza sisi kwa sisi, kundi A na kundi B. Aliyekuwa upande wa juu mpira wake ulishuka wima, na sisi wa chini tulishajua pa kusimama hata kabla haujapigwa. Tuliitwa wazuri, nasi tukaamini. Tulipokwenda kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, tukakuta kiwanja tambarare na watoto wanaoanzisha mpira wa bapa, unaopita juu kidogo ya wavu na kuyumba. Mpira ulitua kati ya mikono yetu na vifua vyetu, mara moja, mbili, tano. Tulikuwa tunajua kuupokea mpira wa wenzetu tu.

Magurudumu kwanza

Uwanja wa barafu wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Wazungu wa Kanada na Marekani waliokuwa wakifanya kazi mjini walianza kucheza hoki pale, na Wakenya wakajiunga taratibu. Wengi wa waliojiunga hawakuanza na barafu. Walikuwa vijana wa viatu vya magurudumu, waliozoea lami na sehemu za kuegeshea magari.

Hapo ndipo mbinu ya kwanza ilipo. Barafu ilikuwa moja na ya saa chache, lakini lami ilikuwa ya bure na ya kila siku. Mambo mengi ya msingi unaweza kuyapata kwenye lami: magoti yaliyokunjwa, uzito unaohamia mguu mmoja kisha mwingine, msukumo wa kwenda pembeni badala ya kurudi nyuma kama wa mkimbiaji, na kichwa kilichoinuka ili macho yaone wenzako. Mtu aliyekaa miaka miwili juu ya magurudumu hafiki kwenye barafu akiwa mgeni.

Anapokwama ni kwenye kusimama. Gurudumu halikubali kuburuzwa ubavu. Mwenye magurudumu hujisimamisha kwa breki ya kisigino, au kwa kuuburuza mguu mmoja nyuma. Kiatu cha barafu kina chuma chembamba, upana wa milimita 3 hivi, kilichochongwa mfereji mwembamba chini yake, kwa hiyo chuma kimoja kina makali mawili, ya ndani na ya nje. Ili kusimama, mchezaji huzungusha viuno ghafla, anaikingamisha miguu yote miwili dhidi ya mwendo wake, na makali yanaiparuza barafu mpaka unga mweupe unaruka. Kwa aliyelelewa na lami, kitendo hicho ni sawa na kuambiwa ujirushe ubavu. Wa namna hiyo, siku zake za kwanza, husimamishwa na ukuta.

Kwa hiyo magurudumu yaliipa Kenya mwendo na mizani, na barafu ikabaki na kazi ya kufundisha makali. Kupanga mafunzo kwa namna hiyo ni akili kubwa: lile linalopatikana bure ulifanyie bure, na saa chache za gharama uzibakize kwa kile kisichopatikana mahali pengine.

Barafu ya kulindwa

Anayetaka kujua kwa nini saa hizo ni za gharama anunue barafu ya nailoni, zile za ukwaju au za ubuyu ambazo watoto hununua kwenye duka lenye friji. Ikitoka tu ndani ya friji huwa kavu, hung'ang'ania mdomo. Subiri kidogo itaanza kuteleza. Subiri zaidi italainika na kuchuruzika mkononi. Barafu ya hoki lazima ikae kwenye ile hatua ya katikati mchana kutwa: ngumu ya kutosha makali yasizame, na isiwe baridi mno ikapasuka-pasuka na kukataa mwendo.

Chini yake kuna sakafu ya saruji yenye mabomba, na ndani ya mabomba hupita kimiminika baridi kisichoganda. Maji hunyunyizwa juu kwa matabaka membamba, moja likiganda ndipo linamwagwa jingine, mpaka unene ufike sentimita chache. Kisha joto la uso wa barafu hushikiliwa kwenye nyuzi 4 hadi 6 chini ya sifuri. Mashine hazipumziki, na umeme nao hauna likizo. Nchi ikiwa na uwanja mmoja wa namna hii, siku ukifungwa timu nzima inabaki bila barafu.

Uwanja mdogo unafundisha nini

Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana unaofika mita 30. Wa Panari ni mdogo sana kuliko huo. Wengi husema ufinyu huo ndio uliowarudisha nyuma Wakenya. Nadhani hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Kanada yenyewe, nchi inayoiishi hoki, iliamua kuanzia msimu wa 2017-18 kwamba watoto wadogo kabisa wasicheze tena uwanja mzima. Uwanja ugawanywe, nafasi ibanwe. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyecheza chandimu: nafasi ikibanwa, kila mchezaji anaigusa paki mara nyingi zaidi, anazungukwa na wapinzani zaidi, anaamua haraka zaidi. Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 170 hivi. Katika nafasi finyu unajifunza kuificha nyuma ya mwili, kuizungusha kwa ncha ya gongo, kugeuka mahali padogo kama sinia na kutoa pasi fupi kabla hujafikiwa. Kwa upande huo Nairobi, bila kupanga, ilikuwa na darasa ambalo Wakanada waliliunda kwa makusudi.

Kuna mambo manne, hata hivyo, ambayo uwanja mdogo hauwezi kuyafundisha.

La kwanza ni kuotea. Katika hoki ya barafuni mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa buluu kabla ya paki. Anayekuja kwa kasi kutoka katikati inabidi aujue mwendo wa mwenzake mwenye paki, apunguze, ajipinde kando ya mstari, kisha aingie kwa wakati. Akili hiyo ya wakati huja kwa kucheza mahali ambapo kati ya mstari na mstari pana umbali wa kweli.

La pili ni kurudi kinyumenyume. Beki hulinda akiwa anateleza nyuma, uso kwa adui, huku adui anamjia kwa kasi kamili. Kwenye uwanja mfupi kasi kamili haifikiwi. Beki anagota ukuta kabla ya kupimwa.

La tatu ni zamu. Wachezaji 6 tu wa kila timu, kipa akiwemo, ndio huwa ndani kwa wakati mmoja, na hubadilishana mchezo ukiendelea, kila baada ya kitu kama sekunde 45, kwa sababu mwili hauwezi kubeba kasi ile zaidi ya hapo. Mechi ni vipindi 3 vya dakika 20. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, na benchi linakuwa mbali na lango unalolinda. Beki aliyechoka akitoka kwa wakati mbaya, anaacha mlango wazi nyuma yake. Kujua lini utoke ni ujuzi mzima, na haufundishwi na ubao wa mwalimu.

La nne ni la kipa. Paki ya karibu hudakwa kwa wepesi. Ya mbali huzuiwa kwa hesabu ya pembe, kipa akitoka mbele ya lango kupunguza upenyo. Kipa wa uwanja mfupi hufaulu mtihani wa kwanza na kuukuta wa pili akiwa hajausomea.

Ukiyatazama manne hayo, utaona ukubwa wa uwanja si kisa chote. Kuotea, kurudi nyuma, zamu, pembe: yote yanahitaji mtu wa upande wa pili ambaye humjui. Mwenzako wa mazoezi unamjua bega analoshusha kabla ya kupiga. Unajibu kabla hajakuuliza.

Kanada, kisha Irkutsk

Safari ya 2018 ililipiwa na Tim Hortons, kampuni ya kahawa ya Kanada inayobeba jina la mchezaji wa hoki. Wakenya walipewa vifaa kamili, wakacheza na timu ya wenyeji, na katika jezi yao wakaongezwa wachezaji wawili ambao mtoto yeyote wa Kanada anawajua, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Filamu fupi ya tukio hilo ilizunguka dunia.

Ninachokiona mimi katika safari ile ni thamani ya dakika chache dhidi ya wageni. Timu iliyokuwa ikijipima kwa kioo ilipata kipimo. Baada ya hapo kocha anaweza kusema: hapa tuko sawa, hapa hatujaanza.

Linganisha na Wasomali. Mwaka 2013, katika mji wa Borlänge nchini Uswidi, vijana wa Kisomali waliofika huko kama wakimbizi waliundiwa timu ya bandi, ndugu mkubwa wa hoki ya barafuni: wachezaji 11, mpira badala ya paki, uwanja wa barafu mkubwa kama wa soka. Kocha wao alikuwa Per Fosshaug, nyota wa zamani wa mchezo huo Uswidi. Januari 2014 walikuwa Irkutsk, Siberia, wakiiwakilisha Somalia katika kundi B la Ubingwa wa Dunia. Walifungwa mechi zote. Lakini dhidi ya Ukraine, Anwar Hared aliipatia Somalia bao lake la kwanza katika historia, na miaka iliyofuata timu ilirudi tena kwenye mashindano yale.

Wasomali walikuwa na barafu tele na wapinzani kila kona ya Uswidi. Walichokosa ni miaka. Wakenya walikuwa na miaka. Walichokosa ni wapinzani. Na ni Wasomali, wenye miezi tu ya mazoezi, waliofika kwenye Ubingwa wa Dunia na kurudi nyumbani wakijua hasa umbali uliobaki.

Kadi ya 2024 na kinachofuata

Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kama mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, chombo kilichoanzishwa 1908, ambamo Afrika Kusini imo tangu 1937. Uanachama wa daraja hilo hautoi kiti cha moja kwa moja kwenye Ubingwa wa Dunia. Unachotoa ni anwani: kocha wa nje anajua amwandikie nani, mwamuzi anapata mafunzo, mwaliko wa mashindano una pa kufikia. Kwa lugha ya uchambuzi huu, Kenya imepata njia ya kuwafikia wapinzani.

Njia hiyo itumike kwa akili. Safari moja kubwa kila baada ya miaka kadhaa ina faida, ila faida yake huisha haraka. Timu hukua kwa mechi za mara kwa mara dhidi ya watu waliokuzidi kidogo. Kwa hiyo kama ningeulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, ningesema iende kwa watoto wanaojifunza Nairobi sasa, wagawanywe katika timu mbili, kisha nne, zenye makocha tofauti na mitindo tofauti, ili kila Jumamosi simba akutane na simba asiyemjua. Hilo halihitaji uwanja wa mita 60 wala tiketi ya ndege.

Najua linawezekana kwa sababu nimeliona likifanyika bila pesa. Baada ya kile kipigo cha UMITASHUMTA, mwaka uliofuata mwalimu wetu wa michezo hakuongeza saa za mazoezi. Kila Jumamosi asubuhi alitukusanya chini ya mwarobaini, akahesabu vichwa, tukatembea mpaka shule ya kata ya jirani. Tulifungwa wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, tukarudi kimya tukipita migombani na vumbi jekundu limetufika magotini. Wiki ya nne mtoto wa upande wa pili alianzisha mpira wa bapa, ukapita juu kidogo ya wavu, ukayumba. Mwenzetu alipiga hatua moja kushoto, akakunja magoti, mpira ukamgonga mikononi na kupanda juu, taratibu, mahali ambapo mpigaji wetu alikuwa anausubiri.