Mwerezi wa George Pocock

Kitabu cha Daniel James Brown kuhusu vijana tisa wa Chuo Kikuu cha Washington kilitoka Marekani mwaka 2013, na sisi wa Lubumbashi tunakisoma kwa Kifaransa, kwa jina la Ils étaient un seul homme. Mwisho wake unajulikana kabla hujafungua ukurasa wa kwanza: tarehe 14 Agosti 1936, huko Grünau, Berlin, Hitler akitazama, vijana hao walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kupiga makasia. Nimekisoma hapa mtaani Golf jioni baada ya jioni, umeme ukiwepo na usipokuwepo, na kurasa ninazozirudia si za mbio. Ni za karakana.

Karakana hiyo ilikuwa ya George Pocock, Mwingereza ambaye baba yake aliunda mashua za shule ya Eton. Pocock alivuka bahari mwaka 1911 akiwa na ufundi wa nyumbani mkononi, kisha akahamia Seattle, akafungua karakana palepale katika chuo cha vijana hao. Mashua yake ya wapiga makasia wanane ina urefu wa karibu mita 19, upana wa sentimita 60 hivi, na ubao wa ubavuni una unene wa milimita nne tu. Seremala wa barabarani kwetu anayeshika ubao wa mulombwa wa kutengenezea kitanda ameshika unene wa mashua sita za Pocock.

Pocock alitumia mwerezi mwekundu wa pwani ya magharibi. Aliulainisha kwa mvuke, akaukunja juu ya mataruma, akaukaza kotekote. Sasa sikiliza alichokiona mzee huyu. Mwerezi ukinywa unyevu hutaka kurefuka kidogo, lakini mkuku ulio chini yake haurefuki. Ubao ukikosa pa kwenda, ncha mbili za mashua hujiinua kidogo sana, na mbao yote hukaa imejikaza, tayari kuruka mbele kila makasia yanapovutwa. Huku kwetu masika yakianza, milango huvimba na fundi huitwa na randa yake kuipunguza. Pocock aliukaribisha uvimbe huohuo, akaufanya uwe nguvu ya mashua. Kwangu mimi huo ndio ufundi uliokomaa: kuijua mbao hadi kujua inataka nini.

Katika karakana hiyo aliingia Joe Rantz, mmoja wa wale tisa, kijana aliyeachwa na baba yake akiwa na miaka 15, akajilea kwa kukata miti na vibarua. Alikuwa na nguvu nyingi na hakumtegemea mtu, na ndiyo sababu alisumbuka chomboni. Pocock alimwonyesha pete za mti, kisha akamweleza kwa upole kwamba alikuwa akipiga kasia kana kwamba yuko peke yake. Brown haharakishi hapo, na namshukuru kwa hilo. Rantz mwenyewe, mzee tayari, alikubali kusimulia kwa sharti kwamba kitabu kisiwe chake bali cha mashua. Alifariki mwaka 2007, hakukiona.

Wavuvi wetu wa Kasenga, kwenye mto Luapula, hupiga kafi wakitazama waendako. Vijana hawa wanane waliipa mgongo njia yao, vigoda vikiteleza chini yao, makasia manane yakipaswa kuingia majini kwa pamoja. Mmoja akiwahi kidogo tu, chombo huyumba na wote huumia. Aliyeona mbele ni mmoja, Bobby Moch, mshika usukani.

Siku ile ya Grünau walipewa njia ya nje, yenye upepo mkali. Don Hume, aliyeongoza mapigo, alikuwa mgonjwa. Walibaki nyuma. Walipokaribia mwisho, makelele ya umati yalimeza sauti ya Moch, akaanza kugonga ubavu wa mashua kwa vipande vya mbao. Mapigo yale wenzake waliyapokea kwa miili yao, yakipita katika mwerezi ule mwembamba. Walipandisha hadi mapigo 44 kwa dakika, wakamaliza kwa dakika 6 na sekunde 25.4. Italia ilifika sehemu sita za kumi za sekunde baadaye, na Ujerumani ikafuata.

Ubao mnene ungeyazima mapigo yale ya Moch kabla hayajafika mbele kwa Roger Morris, aliyekaa ncha nyingine kabisa ya mashua.