Fundi Asiyemdanganya Mtoto

Siku ya kilo, yaani siku ya kupima uzito na kuchanja watoto, huanza kwa mizani. Kamba hufungwa kwenye boriti ya kibaraza au tawi la mti, mizani ya duara hutundikwa, na mtoto huvishwa kijisuruali cha turubai chenye mikanda, kisha huachiwa aning'inie hewani huku miguu ikitafuta ardhi. Kilio cha kwanza cha asubuhi hutoka hapo, wakati sindano zote bado zimo kwenye boksi lao. Mchanjaji mgeni hukipuuza kilio hicho, maana si chake, ni cha mizani. Mzoefu hukisikiliza. Anajua kwamba mtoto akifika mezani bado analilia mizani, nusu ya kazi imeshaharibika kabla hajamgusa. Humwambia mama amfunge mgongoni, amtembeze kidogo, amnyonyeshe, arudi zamu yake ikifika.

Ufundi huu wa kumchoma mtoto bila kumvunja moyo hauna cheti chake. Daftari la kituo lina safu ya tarehe, ya aina ya chanjo na ya namba ya chupa, lakini halina safu ya jinsi mtoto alivyoshikwa. Hata hivyo, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, namna mtoto alivyochomwa leo ni mojawapo ya mambo yanayoamua kama mama yake atapanda mlima tena mwezi ujao.

Masisi ni nchi ya vilima vya malisho, ng'ombe na maharage, yenye barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha hugeuka utelezi. Ukielekea magharibi na kupita Nyabiondo, vilima vinaanza kukuachia, na msitu wa Walikale unakupokea kwa mito na madaraja ya magogo. Chanjo husafirishwa huko kwa pikipiki, na pikipiki ikishindwa, kwa mabega ya watu. Safari nzima lazima dawa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, ndani ya kisanduku chenye vipande vya barafu. Chanjo ya surua huharibiwa na joto na mwanga. Ile ya penta, inayokinga magonjwa matano kwa mpigo, huharibiwa ikiganda. Chupa ya surua ikishachanganywa na maji yake, haifai tena baada ya saa 6. Wahudumu wa afya huuita ulinzi huo mnyororo wa baridi, na huupima kwa kipimajoto. Kuna mnyororo wa pili ambao hakuna kifaa cha kuupima, nao ni imani ya mama kwamba pale mezani mtoto wake atatendewa kama mtu. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, dawa iliyotunzwa kwa jasho tangu Kinshasa hubaki chupani.

Hasara yake Wakongomani wanaijua. Mlipuko wa surua uliotangazwa Juni 2019 na kutangazwa umekwisha Agosti 2020 uliacha wagonjwa zaidi ya 380,000 na vifo zaidi ya 7,000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Surua hukingwa kwa nusu mililita ya dawa chini ya ngozi ya mkono. Ugumu wote uko katika kukutana: dawa nzima, mtoto, na mama aliyekubali kuja.

Kazi ya fundi huanzia machoni. Mbele yake amesimama mama aliyekimbia vita akiwa na mtoto, sufuria na kikwembe. Kadi ya chanjo ilibaki nyumbani au imelowa mpaka wino umeyeyuka. Fundi hafoki. Hukunja mkono wa nguo ya mtoto na kutafuta kovu dogo la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Huuliza polepole: "Mama, alishapata shindano la paja? Mara ngapi? Na matone ya mdomoni?" Majibu huyaandika kwenye kadi mpya. Upole huu una faida kwa mtoto pia. Mama akikemewa mbele ya wenzake, mwili wake hukakamaa, na aliye mgongoni hulijua jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kisha tazama meza yake. Mabomba huandaliwa upande ambao mtoto haoni. Boksi la usalama, lile la karatasi ngumu la kutupia sindano zilizotumika, hukaa karibu na mkono wake ili asitembee na sindano wazi mbele ya watoto. Wanaoingia hupita upande mmoja na wanaotoka upande mwingine, ili anayengoja asikabiliane uso kwa uso na anayelia. Wakati wa kampeni, ambapo foleni huwa ya watoto wa miaka mitatu, minne na mitano wanaoelewa kila kitu, mpangilio huo huokoa asubuhi nzima. Hofu ya watoto walio kwenye foleni huambukiza upesi kuliko surua yenyewe, na fundi hupenda kuanza na mtoto mtulivu, kwa sababu wenzake wote wanamtazama.

Mtoto akifika zamu yake, hatua inayofuata ni kumpakata. Hapa ndipo utakapomtofautisha aliyefundwa na aliyezoea tu. Aliyezoea tu hulaza mtoto kitandani, watu wazima wawili wakamkandamiza mikono na miguu. Mtoto huona dari na nyuso zilizomwinamia, basi hupigana kama anayekufa. Fundi humwacha kwa mama yake. Mtoto hukalishwa kwenye paja, kifua chake kikielekea kifua cha mama au ubavu wake. Mkono mmoja hupitishwa nyuma ya mgongo wa mama, ule wa kuchomwa hushikwa na mama mwenyewe kwenye kiwiko, na miguu hubanwa kati ya mapaja yake. Ni kumbatio, nalo ni imara kuliko watu wazima wawili. Mtoto mchanga huwekwa kwenye ziwa kabla ya sindano na kuachwa aendelee kunyonya wakati wa kuchomwa. Mama naye anapewa kazi, na mtu mwenye kazi huogopa kidogo kuliko anayesimama pembeni akifumba macho.

Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mapendekezo yake kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo. Mengi kati yake hayahitaji umeme wala faranga moja: mtoto ashikwe na mlezi wake akiwa ameketi, anyonye kama bado ananyonya, anayechanja awe mtulivu na atumie maneno ya kawaida, asivute bomba nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kwa hiyo matone hutangulia, kisha sindano ya penta kwenye paja moja, na ile ya kukinga nimonia, ambayo huuma zaidi, hufuata kwenye paja la pili. Mpangilio ukigeuzwa, mtoto aliyekwisha kuumizwa vibaya hukabidhiwa sindano ya pili akiwa tayari anapiga kelele, na matone anayatema.

Mkono wenyewe haukawii. Kwa penta, sindano husimama wima na kuingia kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kwa surua hulazwa nusu na kupita chini ya ngozi. Kwa BCG hulala karibu sambamba na ngozi, ikaacha kiuvimbe kidogo cheupe. Kila moja ina pembe yake, na mkono uliozoea haurudii. Wakati huo fundi anazungumza na mtoto jambo lingine kabisa: ng'ombe aliyepita, kikwembe cha mama chenye picha za ndege, kuku aliyeingia kibarazani. Akimaliza hasugui pale alipochoma. Hukandamiza kwa pamba, bomba huenda moja kwa moja kwenye boksi, na mama anaambiwa amwinue mtoto begani.

Ustadi ninaouheshimu kuliko yote ni ule wa kusema. Mtoto wa miaka minne atauliza, kwa mdomo au kwa macho, kama itauma. Ni rahisi kumjibu, "Haiumi." Uongo huo huishi sekunde moja, halafu mtoto anajua, na safari ijayo hatamwamini muganga (muuguzi) wala mama aliyeitikia kwa kichwa. Fundi humwambia ukweli unaomtosha: "Utasikia kitu kidogo kama kufinywa, halafu basi. Mushike mama." Hamhesabii moja mbili tatu kwa sauti ya kutisha, wala hamwombi radhi mara kumi, maana mtoto akisikia mtu mzima anaomba sana radhi hujua kwamba linakuja jambo kubwa. Akilia, anaachwa alie. Machozi si utovu wa adabu.

Hapo ndipo fundi anapokutana na deni ambalo hakulikopa yeye. Nyumbani, mtoto akikataa kula au kulala, kuna mtu mzima atakayemtishia: "Nitamwita muganga akupige shindano!" Kwa hiyo mtoto anafika kituoni akijua kwamba sindano ni adhabu, na anachunguza alikosea wapi. Fundi hulizungumza jambo hili mapema, kwenye mafundisho ya asubuhi kabla ya kupima uzito, akina mama wakiwa wamekaa kwenye benchi. Wahamasishaji wa kijiji, wale wanaoitwa reko, hulirudia nyumba kwa nyumba.

Watu wazima pia wana hofu yao, na nchini Kongo haikutokana na ujinga. Mwaka 1976, kwenye hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, mabomba matano yaligawiwa kila asubuhi na kutumiwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Sindano hizo zilisaidia kueneza Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza. Kati ya watu 318 walioambukizwa, 280 walikufa. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kutaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, ifikapo mwisho wa 2003. Ndiyo maana fundi mwangalifu hufungua pakiti mbele ya mama, akamwonyesha kwamba ni mpya, ingawa huificha sindano machoni pa mtoto. Mmoja anatulizwa kwa kuona, mwingine kwa kutoona.

Kwa wavulana kuna mzigo mwingine. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema, akamkabili baba yake mzazi aliyetaka kumwua. Ni fahari kuwa na shujaa kama huyo, lakini baba anayemwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba mwanaume halii anamdai ushujaa wa mtoto wa hadithi. Fundi anadai kidogo tu: mkono utulie kwa muda wa pumzi moja. Mtoto akiweza hilo husifiwa kwa hilo, hata kama alilia kijiji kizima kikasikia.

Wodini mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mtoto ni mgonjwa na sindano hazishi. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakiisaidia tangu 2007, hupokea watoto wa malaria kali. Zamani dawa yao ilikuwa kwinini, iliyodondoshwa mshipani kwa saa nyingi. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, na kuchapishwa 2010 ulionyesha kwamba artesuneti huokoa watoto wengi zaidi, tena huchomwa kwa dakika chache: mwanzo, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini mtoto wa miaka miwili bado hujifunza kutambua hatua za viatu vya muuguzi. Muuguzi mwenye ufundi hupita kitandani pake pia bila kitu mkononi, akamsalimia, akaenda zake, ili viatu vile visimaanishe sindano kila mara. Na anayetafuta mshipa kwenye mkono uliokauka kwa kuhara, akikosa mara mbili, humwita mwenzake. Kung'ang'ania ni kiburi, na anayekilipia ni mtoto.

Mwisho wa kila sindano fundi humwambia mama mambo manne: mtoto amepata chanjo gani, nini kinaweza kutokea usiku, arudi lini, na kadi itunzwe. Homa kidogo na uvimbe wa paja vikitajwa mapema, mama huvipokea bila hofu. Visipotajwa, usiku huo huo jirani atamweleza maana yake kwa namna nyingine, na tarehe ya kurudi itapita.

Sindano za utotoni zinaongezeka. Oktoba 2024 Kongo ilianza kutoa chanjo ya malaria katika mkoa wa Kongo Central, nayo inahitaji dozi nne kwa kila mtoto. Ikienea mpaka Pinga na Nyabiondo, mtoto wa huko atakaa kwenye meza ile mara nyingi kuliko mama yake alivyokaa, na kila mara atakuja na kumbukumbu ya mara iliyopita. Kwa hiyo muuguzi kijana anayepangiwa kituo cha mbali asipewe mafunzo ya barafu na hesabu za dozi tu. Awekwe kwanza pembeni ya mkongwe wa kazi, siku kadhaa za kilo, aangalie mama anavyoelekezwa kumpakata mtoto. Kuchoma atajifunza kwa asubuhi moja.