Sifa za Mchaguzi wa Misumari

Wengi huusifu ustadi wa fundi wa vyombo aishikapo tezo, kwa sababu tezo husikika mbali, na mtazamaji aliyeketi kivulini pale Mikindani, Msangamkuu au Msimbati hujionea kwa macho yake mataruma yakipanda moja baada ya jingine juu ya mkuku. Lakini ni wachache mno niliopata kuwasikia wakimsifu fundi yule yule kwa asubuhi nzima aliyoimaliza mjini Mtwara mbele ya masanduku ya misumari na bolti, akichambua, akikwaruza kwa tupa, akirudisha, hata mwenye duka akachoka naye, na mwisho akaondoka na mzigo mdogo kwa bei kubwa. Kwa maoni yangu asubuhi ile ndiyo sehemu ya kwanza ya uundaji, na pengine ndiyo iliyo ngumu kupita zote, kwa kuwa kosa la tezo huonekana na huweza kurekebishwa, ilhali kosa la msumari huzikwa ndani ya ubao na kusafiri na mabaharia hadi siku ya dhoruba.

Wazee wetu wa kale hawakuwa na udhia huu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinazitaja mashua za kushonwa za bandari ya Rhapta katika mwambao huu wetu. Na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, uliendelea kuonekana Lamu na jirani zake hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alitoa sababu ya busara: chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hulegea kidogo na kusalimika, na kile cha misumari ya chuma huvunjika. Wengine walipendelea sababu tamu zaidi, wakasimulia habari za mlima wa sumaku uing'oao misumari ya kila jahazi likaribialo, kama isimuliwavyo katika Alfu Lela Ulela. Mlima huo haukuonekana kamwe, bali sumaku ndogo imebaki mfukoni mwa mnunuzi mwerevu, na faida yake nitaieleza mbele.

Tangu tulipoukubali msumari tuliukubali pamoja na maadui zake, na katika pwani ya lango la mto Ruvuma maadui hao ni wawili. Wa kwanza ni chumvi, ambayo kila mtu anaijua. Wa pili hutoka ndani ya mti wenyewe. Mikandaa na mikomafi, ambayo kwa kupinda kwake kwa asili hufaa sana kwa mataruma, imejaa ile dawa nyekundu ambayo kwa ajili yake magome ya mikandaa yalipelekwa ng'ambo kwa wadabighi wa ngozi; nayo ikikutana na chuma mahali penye maji, chuma huliwa na mti hugeuka mweusi. Atazamaye jahazi kuukuu na kuona duara jeusi kuzunguka kila kichwa cha msumari asidhani ni uchafu, maana huo ni ushahidi kwamba mti na chuma vimekuwa vikigombana kwa miaka mingi na kwamba vyote viwili vimepata hasara.

Basi kazi ya mchaguzi ni kutafuta chuma kilichovikwa vazi la zinki, kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike, na hata likikwaruzwa kidogo, zinki iliyobaki pembeni huendelea kukilinda. Hapa ndipo macho ya mgeni yanapohadaika. Msumari ung'aao, ambao kila mtu angeuchukua kwa furaha, aghalabu umepakwa zinki kwa nguvu za umeme, na vazi lake halifiki mikroni 15, yaani sehemu 15 katika elfu moja ya milimita. Ule wa kijivu, uliofifia, wenye mikwaruzo na matone yaliyoganda, ndio uliochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, ukatoka na vazi linaloweza kupita mikroni 45. Kwa bolti kuna mtihani mwingine ambao haumwamini muuzaji wala lebo: nati ya bolti ing'aayo haipandi juu ya bolti iliyochovywa, kwani zinki imeinenepesha mizingo yake, na bolti ya kweli huhitaji nati iliyopanuliwa kwa ajili yake. Fundi hujaribu nati mbili, akamaliza shauri bila maneno mengi. Kisha huutazama mwili wa msumari, naye akipata ule wa pembe nne uliofuliwa na mhunzi huupenda kuliko wa mviringo, kwa kuwa pembe hushika nyuzi za mti na kuuzuia usizunguke. Na mwisho, akiisha kutoboa kwa keke, huuzungushia chini ya kichwa pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuupiga, ili maji yasipate njia.

Sharti jingine la mchaguzi ni kutochanganya madini, nalo limewagharimu hata wenye manowari. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari yao Alarm mabati ya shaba ili kuikinga na wadudu watoboao mbao, na ilipokaguliwa mwaka 1763 baada ya kurudi kutoka Bahari ya Karibi, mabati mengine yalikuwa yamebanduka kwa kuwa misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imekwisha kuwa uji wa kutu. Pale tu ambapo karatasi ya kufungia shaba ilikuwa imesahauliwa katikati ya madini hayo mawili, misumari ilibaki mizima. Naipenda hadithi hii kwa sababu uzembe wa mtu asiyejulikana, aliyeacha karatasi mahali pasipostahili, uliwafundisha wakubwa kuliko hesabu zao zote. Mwenye boti ya mashine, yenye rafadha ya shaba, na aikumbuke kabla ya kupiga misumari karibu nayo.

Watu wenye fedha hudhani kwamba wanaweza kuyaepuka mashaka haya yote kwa kununua stenlesi, na hapa ndipo sumaku ya mfukoni inapokuja kutumika, kwa kuwa bolti nzuri za aina hiyo hazivutwi nayo, au huvutwa kidogo mno, na muuzaji aitaye kila king'aacho stenlesi hunyamazishwa papo hapo. Lakini hata stenlesi ya haki ina masharti yake. Kinga yake ni ngozi nyembamba ya kromi ambayo huhitaji hewa ili ijirudishie uzima, na ikizikwa katika ubao uliolowa, pasipo hewa, hutobolewa vishimo vya siri ilhali kichwa chake kingali kinang'aa kwa nje.

Waliolijua jambo hili kwa uchungu si mabaharia peke yao. Katika magenge ya mawe ya chokaa ya Krabi, nchini Thailand, yaliyo ufukweni, wapanda miamba walitoboa jiwe na kupachika bolti za stenlesi za kujifungia kamba zao, wakaona bolti ambazo hazikuwa na kutu ya kutisha zikikatika ghafula, kwa kuwa chumvi, joto na mkazo wa daima vilikuwa vimezipasua ndani kwa ndani. Wakalazimika kuhamia titani, iliyogundishwa katika tundu kwa gundi, wakalipa bei yake. Nawaheshimu watu hawa, ijapokuwa sioni ladha ya kuning'inia juu ya genge, kwa kuwa wamefikia mahali alipofika fundi wa Msimbati kwa njia nyingine: kwamba mtu ambaye uhai wake umetundikwa kwenye kitu asichoweza kukiona ni lazima akijue vema kabla hakijafichwa.

Titani haitafika katika mashua zetu karibuni, wala sidhani inahitajika. Kinachohitajika ni mwenye chombo kutoa fedha ya zinki nene, na jambo hili ni zito kuliko madini yote, maana mwenye chombo hupenda kuitumia fedha yake juu ya rangi na tanga, vitu ambavyo jirani huviona. Ningependa kila mwenye jahazi alipandishaye pwani katika maji ya bamvua, ili lisuguliwe na kupakwa deheni, amwambie fundi ang'oe bolti moja ya mkuku na kuiweka mkononi mwake. Isiwe ile ya mbele iliyo rahisi kufikiwa, bali ile iliyo chini ya ngama, ambako maji hutuama; naye asitazame kichwa wala ncha, atazame kiuno, mahali mkuku na taruma hukutana, kwa kuwa hapo ndipo bolti hukonda kwanza. Ikiwa imekonda, zinunuliwe mpya za mkuku wote siku ile ile, na fundi aachwe azichague peke yake, kwa muda autakao.