Nani Anatega?

Kuna methali mbili ambazo hazikosi kwenye mkutano wa wazazi. Ya kwanza ni "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ya pili ni "Samaki mkunje angali mbichi." Zikishasemwa, watu wazima wanatikisa vichwa, kisha mwenyekiti anarudi kwenye ajenda ya karo. Mimi nataka tuzisome polepole, jinsi tunavyosoma shairi, kwa sababu naona zinaendesha nasari zetu kuliko mtaala wowote.

Anza na sarufi. Kwenye "umleavyo", ile u- ni wewe mtu mzima na -m- ni mtoto. Wewe unatenda, yeye anatendewa. Ni haki kusema methali hiyo inakubebesha wewe wajibu, na hilo ni zuri. Ya samaki haina utetezi huo. Samaki ni mbichi, sawa, lakini ameshavuliwa. Ameshakufa! Hana la kusema kuhusu mkunjo wake. Na hiyo ndiyo picha tuliyomchagulia mtoto wa miaka 4.

Sasa linganisha na kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Anayetega anaweza kuwa nyanya wa miaka 70 au mjukuu wa miaka 5, na kanuni ni zilezile. Ukishindwa, unaombwa mji, na hata nyanya lazima autoe. Yaani mtoto anamnyang'anya mtu mzima Mombasa nzima na hakuna anayesema amekosa adabu. Ana zamu yake ya kuuliza, na anajua jibu ambalo mkubwa halijui. Kwa hivyo mtu akiniambia elimu inayomweka mtoto katikati ni mambo ya wazungu, namuuliza: na kitendawili je?

Fani zote mbili ni zetu. Shule ilichukua methali ikaishi nayo. Kitendawili nacho ilikichukua, lakini ikakifanyia ukatili. Kwenye KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tuliambiwa "tegua kitendawili" kisha tukapewa majibu manne tuchague moja. Zamu ya mtoto kutega ikapotea. Ikabaki ya kujibu tu.

Hata hao wazungu wanaotajwa hawakuanza na majumba ya kifahari. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Rome. Wazazi walikuwa kazini mchana kutwa, na wenye majengo walichoka kuona watoto wakiharibu kuta. Montessori akaweka viti vya kimo cha mtoto, akaweka vifaa ambavyo mtoto anaweza kuchukua mwenyewe, halafu akakaa akitazama wanachofanya. Leo Nairobi jina lake liko kwenye mageti ya shule ambazo karo yake ingemtoa jasho mzazi yeyote wa San Lorenzo.

Karibu zaidi na sisi kuna Mombasa. Miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani walitaka watoto wao wawe tayari kwa shule ya msingi bila kuacha dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, zikaanza chekechea za madrasa. Jamii zenyewe zilizisimamia, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya karibu visivyo ghali. Mtoto alichagua atakachofanya, akakifanya, kisha akaeleza alichofanya. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa hivyo usiniambie mbinu hii inahitaji midoli ya kuagizwa ng'ambo.

Mtaala wa umilisi, hii CBC tunayobishania kwenye matatu, umeandika mambo mazuri. PP1 na PP2 hazina masomo kwa maana ya zamani. Zina shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira. Kwenye karatasi, mtoto anacheza na kugundua. Ukiingia darasani unakuta nini? Kuta zimejaa chati, watoto wanaimba a-e-i-o-u, na kila swali linatoka kwa ticha. Shughuli imekuwa jina jipya la zoezi lilelile la daftarini.

Mpwa wangu wa miaka 4 aliuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Mimi nilidhani hilo ni swali la maana kuliko yote aliyowahi kuulizwa yeye. Ripoti yake ya muhula ikaja na sentensi moja kuhusu tabia: anaongea sana. Nilipoenda kumchukua wiki chache baadaye, ticha aliniambia kwa furaha kwamba siku hizi ametulia. Ni kweli, alikuwa ametulia. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Najua utetezi wa walimu, na ni wa haki. Ukipewa darasa la watoto 60 peke yako, kila mmoja akiwa na swali la mwezi, utazimia kabla ya saa ya uji. Tangu Katiba ya 2010 elimu hii iko mikononi mwa kaunti, na kaunti hupenda kuzindua darasa lenye rangi mpya kuliko kuajiri mwalimu wa pili. Wazazi nao tuna makosa. Tunataka daftari lililojaa, tena ati mtoto asome kabla hajafika Gredi ya 1, kwa sababu daftari linaonekana na swali halionekani.

Lakini kumpa mtoto zamu hakugharimu jengo. Dakika 10 kwa siku, watoto wachache kwa zamu, ticha anasema "Tega!" na anakubali kushindwa. Na kwenye mkutano ujao, methali zikishasemwa, wewe inua mkono umuulize ticha: wiki hii mtoto wangu ameuliza nini? Kama hajui, hiyo iwe ajenda, karo ingoje.