Istilahi za Mapishi: Kamba Waliopikwa katika Divai

Tafsiri ya mapishi hupimwa jikoni. Imetufikia tafsiri moja iliyokusudiwa wanafunzi wa sayansi kimu na wahudumu wa hoteli, na ndani yake mna kitangulizi cha mlo: kamba wanaoivishwa katika divai yenye maganda ya ndimu na machungwa. Twaihakiki kwa macho ya msomaji wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na wa Masasi, chini yake upande wa magharibi. Huko bahari i mbali; mpishi asiyeizoea bidhaa hulitegemea neno peke yake.

Kwanza, mfasiri ameandika "uduvi". Uduvi ni wadogo mno, nao hufika katika masoko ya bara wakiwa wamekaushwa. Atakayemfuata atapata rojo la chumvi. Wanaotakiwa ni kamba wabichi waliomenywa.

Pili, ameandika "mvinyo". Neno hili, tulilolipata kwa Wareno, limetumika kwa kileo cha zabibu na kwa vileo vikali pia. Divai haina utata huo, wala si ngeni Masasi, ambako Askofu Edward Steere, mwanazuoni wa sarufi ya Kiswahili, alianzisha misheni ya Kianglikana mwaka 1876. Divai hutajwa katika ibada. Katika nchi ya mikorosho tofauti hii ni kubwa. Maji ya mabibo yakichachuka huwa uraka; yakikenekwa huwa gongo. Kwa namna ya kutengenezwa, uraka hukaribiana na divai. Gongo haikaribiani nayo. Mpishi aliyeambiwa "mvinyo" tu aweza kumimina gongo karibu na moto, na hapo kosa la istilahi huwa hatari ya mwili.

Mahali pengine mfasiri huyo huyo, pengine kwa kuwastahi wasiotumia kileo, ameandika "maji ya zabibu". Huko si kuwastahi. Ni kuwanyima habari. Mwislamu ana haki ya kujua kilichomo chunguni kabla hajaonja.

Tatu, "chemsha". Kamba hawa hawachemshwi. Divai hupashwa moto mpaka ikaribie kutokota, kisha huzuiwa hapo. Kamba huiva kwa dakika chache, hugeuka rangi ya waridi na kujikunja. Wakizidishiwa moto hukakamaa. Wako wanaopendelea "kutokosa", lakini kutokosa ndiko hasa kukifanya kitu kitokote, kama tufanyavyo mihogo. Twapendekeza "kuivisha kwa moto wa pole bila kutokota". Ni maneno mengi, lakini kila moja lamwelekeza mpishi la kutenda.

Nne, "divai iliyoingizwa ndimu" ni sentensi ya kigeni iliyovikwa maneno yetu. Mswahili husema mchuzi umekolea chumvi. Basi na divai na iwe "iliyokolea ndimu".

Mwisho, chakula hiki kimeitwa "kifungua kinywa". Hicho ni chakula cha asubuhi. "Kiamshahamu" chafaa zaidi, kwa kuwa chaeleza kazi yake.

Tunawaomba walimu wa sayansi kimu wayasome mapendekezo haya mbele ya wapishi, si mbele ya wasomi peke yao. Istilahi isiyoweza kutendwa na mkono, hata ikiwa fasaha, bado haijawa istilahi ya mapishi.