Sura yake 1985, sauti yake 2005: Ayub Ogada ndani ya sinema

Jioni moja huku Kasuku tulikuwa vijana watano mbele ya kompyuta moja, umeme hakuna, betri imebaki nusu. Tulikuwa tunatazama The Constant Gardener, filamu ya Fernando Meirelles ya 2005, ile iliyotoka katika riwaya ya John le Carré. Kopi yetu ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Ukaingia wimbo mmoja, sauti ya mwanaume na nyuzi chache tu, na mwenzetu akasema: « Iyi ni wimbo ya kilio. » Wote tukakubali. Tungekataaje? Maneno ya wazungu yote yalikuwa yanatafsiriwa, lakini mwimbaji alipofungua kinywa, pale chini pakabaki patupu.

Kumbe tulikosea. Wimbo unaitwa Kothbiro, ni Kijaluo, yaani mvua inakuja. Anayeimba anaita mtu, anauliza kama anasikiwa, anataka ng'ombe warudishwe nyumbani kwa sababu mvua iko njiani. Maiti hakuna mule. Kuna mtu anayetazama wingu na kufikiria watu wake.

Mwimbaji ni Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, akafariki 2019. Wengi wanamjua na nyatiti yake, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na wanadhani alitoka moja kwa moja kijijini akiwa amekibeba begani. Hapana. Miaka ya 1970 alikuwa katika Black Savage, kundi la rock la Kenya, vijana wa mjini na magitaa ya umeme. Kothbiro yenyewe ni ya kundi lile, na jina linaloandikwa kama mtunzi ni la mwenzake, Mbarack Achieng. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema ni « wimbo wa kale wa mababu », mimi nacheka. Ile tunayoisikia kwenye filamu ni ya albamu En Mana Kuoyo, iliyotoka 1993 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Pale Ogada alikuwa ameshaondoa karibu kila kitu. Kipaji chake, kwa maoni yangu, kilikuwa hicho: kujua cha kuacha.

Lakini kinachonisumbua ni hiki. Miaka 20 kabla, mtu huyuhuyu alikuwa ndani ya sinema nyingine kubwa, Out of Africa ya 1985, iliyopata Oscar saba. Jina lake mule bado ni Job Seda, na anacheza kama Kanuthia, kijana wa kazi. Tunamwona akisimama, akitembea, akihudumia. Muziki unaotuliza mioyo ni wa John Barry na Mozart. Mwanamuziki yuko mbele ya kamera na hakuna aliyemwambia aimbe! Halafu 2005 sauti ikaingia, mwili hauonekani, na maana ikaachwa mlangoni. Mara ya kwanza sinema ilichukua sura, mara ya pili koo.

Meirelles hakufanya vibaya kama wengine, tuseme ukweli. Alienda Kibera na kamera yake, hakutuletea simba na machweo tu. Tena filamu yake inahusu nini? Tessa anagundua kwamba dawa inajaribiwa juu ya maskini, anapiga kelele, anauawa. Justin, mume wake, anaanza kumsikia vizuri akiwa tayari kaburini. Sasa rudi kwenye wimbo: mtu anauliza kama anasikiwa, anaonya kabla mvua haijafika. Hadithi yote ya Tessa imelala pale! Filamu ilikuwa nayo mkononi, ikaitumia kama moshi wa huzuni. Hapo ndipo ninapoilaumu: ilipoteza mstari wake bora.

Mtu ataniambia muziki hauhitaji tafsiri, Nairobi na Dar wamecheza rumba yetu ya Kilingala miaka na miaka bila kuelewa. Ni kweli, na walicheza vizuri. Ila kwenye dansi hakuna anayetafsiriwa. Kwenye filamu ile kila mzungu alipewa mstari wake chini, hata aliyekuwa anaagiza kinywaji.

(Black Savage wenyewe walirudi masikioni mwa dunia 2018, Kanye West alipokata kipande cha Kothbiro na kukitia ndani ya « Yikes ». Sijaona vijana wengi huku wakiuliza kile kipande kinasema nini.)

Na sisi je? Rafiki yangu mmoja anatengeneza filamu fupi juu ya watu wanaovuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli. Aliweka wimbo wa Kirega, sauti ya bibi yake wa Pangi aliyoirekodi kwa simu. Uliwekwa kwenye tukio la mazishi, na kweli unakamata roho. Nikamuuliza unasema nini. « Ah, ni hisia tu, ndugu. » Nikamlazimisha ampigie bibi. Bibi alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopatikana tena, akaeleza: ni wimbo wa kumcheka mkwe mvivu anayekuja kula tu.

Rafiki bado anatafuta wimbo mwingine.