Jina Lisiloteketea: Mibambwe IV Rutarindwa katika Masimulizi ya Rucunshu

Katika masimulizi mengi ya historia ya Rwanda, Rutarindwa huingia ili afe. Baba yake, Kigeli IV Rwabugiri, alimteua kuwa mtawala mwenza mwaka 1889, kisha akafariki mwaka 1895. Desemba 1896, huko Rucunshu, si mbali na Kabgayi, mfalme mpya aliangamia ndani ya nyumba iliyowaka moto. Hata Alison Des Forges, ambaye kitabu chake kuhusu enzi ya Musinga kilichotoka mwaka 2011 ni miongoni mwa tafiti makini zaidi za kipindi hicho, anamfanya marehemu kuwa mlango wa kuingilia habari za mwingine. Wasimulizi huvutwa zaidi na Kanjogera wa ukoo wa Abega na kaka yake Kabare. Si ajabu. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufariki, na Rwabugiri akamweka Kanjogera, mwenye mwana wake wa kumzaa, ashike nafasi ya mama wa mfalme. Mgogoro wote umo katika uteuzi huo.

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mwandishi wa Kigali anayelisimulia tukio hili kwa Kiswahili hukwama mapema. Kinyarwanda husema *intambara*, yaani vita. ‘Mapinduzi’ ni neno jepesi kulifikia, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki hubeba sauti ya Zanzibar ya 1964, ilhali Rucunshu haikuuondoa ufalme, ilimwondoa mfalme. Ugumu huzidi kwenye kauli ambayo mapokeo humnasibishia Kabare baada ya ngoma ya kifalme, Kalinga, kushikwa na moto: kwamba mradi mfalme yupo, ngoma nyingine itachongwa. *Ingoma* ya Kinyarwanda ni ngoma, na ni utawala pia. ‘Ngoma’ ya Kiswahili haina maana hiyo ya pili, hivyo tafsiri ya neno kwa neno humgeuza Kabare kuwa mtu anayezungumzia useremala.

Hata hivyo, ushahidi wenye uzito zaidi juu ya Rutarindwa haumo katika kauli hizo. Umo katika jina la aliyemrithi. Majina ya kifalme ya Rwanda yalifuata mzunguko ambao mapokeo huuhusisha na Mutara Semugeshi: Mutara au Cyilima, kisha Kigeli, kisha Mibambwe, kisha Yuhi. Baada ya Kigeli Rwabugiri, zamu ilikuwa ya Mibambwe. Lau washindi wa Rucunshu wangeshikilia kwamba Rutarindwa hakuwa mfalme halali, Musinga angestahili kuitwa Mibambwe. Wakamwita Yuhi V. Jina hilo halikuwa jepesi: kwa desturi, Yuhi alikatazwa kuvuka mto Nyabarongo, ilhali Mibambwe lilikuwa jina la wafalme wapiganaji. Mtu hachukui mwiko kama huo bila kulazimika. Ngoma iliweza kuchongwa upya. Zamu ya jina haikuweza kurukwa.

Kwa hiyo kumwita Rutarindwa ‘mrithi aliyeuawa’, kana kwamba hakuwahi kutawazwa, ni kumnyima kile ambacho hata waliomwangusha walimwachia. Ni mfalme, ingawa enzi yake ya peke yake ilidumu mwaka mmoja na ushei tu, na ndani yake wanajeshi wa Dola Huru ya Kongo wakawashinda Wanyarwanda huko Shangi, mwaka 1896. Alexis Kagame anamhesabu hivyo, na kwa hoja hii hakuwa akimfanyia hisani.

Kanjogera mwenyewe alibeba alama ya jambo hili. Mama wa mfalme aliitwa kwa jina la mfalme wake, naye alikuwa Nyiramibambwe kabla ya kuwa Nyirayuhi.